Homa Iliyoujenga Mtaa wa Beale

Memphis, mji wa Tennessee ulio ukingoni mwa mto Mississippi, husimuliwa kama zao la mto na pamba. Si uongo. Ulianzishwa mwaka 1819, ukaneemeka kwa marobota yaliyopakiwa melini na kwa biashara ya watumwa. Ila Memphis inayosifika kwa muziki ni matokeo ya homa ya manjano ya mwaka 1878 zaidi kuliko ya pamba. Ugonjwa ulipanda na mto kutoka New Orleans. Watu wapatao 25,000 walikimbia. Waliobaki wengi wao walikuwa Weusi na mafukara, na zaidi ya 5,000 wakafa. Haikuwa imejulikana bado kwamba msambazaji ni mbu, aliyezaliana kwa raha katika matangi ya maji ya mvua nyuma ya nyumba. Wanamgambo Weusi wakashika doria katika mji ambao miaka 12 tu nyuma ghasia za Wazungu ziliua Weusi 46. Mwaka 1879 Memphis, iliyolemewa na madeni, ikapoteza hadhi yake ya mji.

Ardhi iliposhuka bei, Robert Church alinunua. Alizaliwa mtumwa, akafanya kazi katika meli za mvuke za baba yake Mzungu, na katika ghasia zile za 1866 alipigwa risasi akapona. Mwaka 1899 alifungua bustani na ukumbi mkubwa mtaani Beale, kwa ajili ya Weusi waliofungiwa bustani za umma.

Atatokea wa kusema kwamba muziki wa bluzi ulitoka mashamba ya pamba ya Delta ya Mississippi, wala si kwenye homa. Ulitoka huko, sikatai. Lakini mpiga gitaa wa shambani hali kwa makofi. Anahitaji ukumbi, watu wenye nauli na chenji mfukoni, na mwenye nyumba asiyemfukuza. Beale ilimpa hayo, na W.C. Handy, aliyechapisha "The Memphis Blues" mwaka 1912, alipiga muziki katika ukumbi wa Church. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mali haikuwalinda Weusi: mwaka 1892 wenye duka watatu waliuawa na genge la Wazungu, na ofisi ya gazeti la mwandishi Ida B. Wells, aliyelaani mauaji hayo, ikavunjwavunjwa. Hilo nalikubali. Church alinunua viwanja. Sheria haikuwa ikiuzwa kwa mtu wa rangi yake. Hata hivyo, anayefika Beale kusikiliza gitaa apite kwanza kwenye bustani ya Church. Ingali mtaani hapo.