Gamba la Kobe: Kiungo Chenye Jina la Vazi

Neno gamba lina matumizi mapana katika Kiswahili, kwa kuwa hutaja vipande vyembamba vinavyofunika ngozi ya samaki, hutaja ngozi kuukuu ambayo nyoka huiacha anapokua, na hutaja pia mfuniko mgumu wa kobe na kasa. Matumizi mawili ya kwanza yana wazo moja ndani yake, nalo ni kuondoka: mpishi humpara samaki magamba bila kugusa mnofu, na nyoka hulivua gamba lake akaenda zake. Chama cha Mapinduzi cha Tanzania kilipotangaza mwaka 2011 azma ya kujivua gamba, usemi huo haukuhitaji kufafanuliwa, kwa maana kila msikilizaji alimfikiria nyoka. Wazo hilo la kuondoka ndilo linaloipa taabu istilahi ya gamba la kobe, kwa sababu kobe hawezi kulivua gamba lake, na anayembandua gamba huwa amembandua mbavu na uti wa mgongo.

Neno ganda, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia mahali pa gamba, linapotosha zaidi, na watu wa Masasi na Newala wana sababu ya kulijua hilo kuliko wengine. Katika wilaya hizo za kusini mashariki mwa Tanzania, ambako kipato cha kaya nyingi hutegemea mikorosho, ganda ni kile kinachobaki baada ya kubangua: korosho ghafi hukaangwa au kupikwa kwa mvuke, ganda lenye mafuta makali yanayochubua ngozi hupasuliwa, na kiini hutoka kizima. Ganda na kiini hukua pamoja katika tunda moja, lakini kiini kikishatolewa hakipungukiwi na kitu. Laiti kobe angekuwa na ganda kwa maana hiyo, ingewezekana kumbangua naye akatoka mzima, jambo ambalo umbile lake halikubali hata kidogo.

Katika taaluma ya anatomia, gamba la kobe hugawanywa sehemu mbili, yaani karapasi, ambayo ni gamba la mgongo, na plastroni, ambayo ni gamba la tumbo. Sehemu hizo huunganishwa ubavuni, kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, kwa kipande kinachoitwa daraja. Mifupa ya gamba zima hukaribia 60. Ile ya karapasi ni mbavu zilizopanuka hadi zikagusana, zikashikamana na pingili za uti wa mgongo na kuzungukwa ukingoni na mifupa iliyozaliwa ndani ya ngozi. Na katika plastroni, upande wa mbele, imo mifupa inayolingana na mitulinga ya wanyama wengine. Jambo la ajabu zaidi ni mahali lilipo bega. Kwa binadamu, ng'ombe na mjusi, mfupa bapa wa bega hukaa nje ya mbavu, lakini kwa kobe umo ndani yake, hivyo kifua chake kimeyafunika mabega. Kwa kuwa mbavu hizo hazisogei, kobe hapumui kwa kutanua kifua, bali kwa misuli ya tumbo na ya miguu inayoyabana na kuyaachia mapafu.

Juu ya mifupa hiyo kuna tabaka la vipande vya keratini, maada ileile inayounda kucha, kwato, nywele na pembe. Vipande hivyo vinafaa kuitwa vigae, kwa maana vimepangwa kama vigae vya paa, ijapokuwa kwa kobe havilaliani bali hugusana kingo kwa kingo. Katika spishi nyingi gamba la mgongo huwa na vigae 38 hivi, na mistari inayovitenganisha haiangukii juu ya maungio ya mifupa iliyo chini yake. Fundi mwashi hupishanisha viungo vya matofali kwa sababu hiyohiyo, ili ufa ukianza mahali pamoja usipite moja kwa moja. Kigae hukua kwa kuongezewa keratini pembezoni, na mahali penye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, kama kusini mashariki mwa Tanzania, ukuaji huo huenda kwa kasi wakati wa majani mabichi na kupungua wakati wa ukavu, hivyo kigae hujichora pete. Hata hivyo, pete hizo haziwezi kuhesabiwa kama miaka bila tahadhari, kwa kuwa kobe mzee husagika vigae hadi vikawa laini.

Kiswahili cha pwani kilikwisha kulitenga tabaka hili kwa jina lake kabla ya wanabiolojia kulihitaji. Ng'amba ni jina la aina ya kasa, na pia ni jina la vigae vyake vyenye mabaka, ambavyo vilitengenezewa vitana na mapambo. Biashara ya magamba ya kasa ilikuwepo katika pwani ya Afrika Mashariki tangu karne za kwanza baada ya Kristo, kama inavyoshuhudiwa na Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki kinachoitaja bandari ya Rhapta. Mfanyabiashara alichukua keratini na kuuacha mfupa, na yawezekana kwamba desturi hiyo imechangia dhana kuwa gamba lote ni kifuniko tu.

Wanyama wa ukanda huu hubainisha jinsi gamba linavyoishi. Kobe wa jenasi Kinixys, ambaye hupatikana katika vichaka na misitu ya kusini mashariki mwa Tanzania, ana bawaba katika gamba la mgongo, mahali ambapo mifupa imeungwa kwa tishu laini, hivyo anapotishwa huishusha sehemu ya nyuma na kuifunika miguu yake. Bawaba hiyo haimo kwa kobe mchanga, hujitokeza anapokua. Anayesimama Newala, penye ukingo uitwao Shimo la Mungu, huiona ardhi ikiporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, na katika mto huo huishi kasa wa maji baridi aitwaye Cycloderma frenatum, ambaye hana vigae kabisa: mifupa ya gamba lake imefunikwa kwa ngozi laini. Mmoja amepata kiungo kinachokunjika na mwingine amepoteza keratini yote, lakini wote wawili wamebaki na mbavu zilizogeuka kuwa gamba.

Ushahidi wa chanzo cha umbile hili unapatikana katika yai na katika mwamba. Ndani ya yai, mbavu za kiinitete cha kobe huacha kupinda kuelekea kifuani na huchomoza pembeni, zikisambaa ndani ya ngozi ya mgongo. Katika mwamba, visukuku vya Odontochelys, vilivyopatikana China na kutangazwa mwaka 2008, vina umri wa takriban miaka milioni 220, navyo vinaonyesha mnyama mwenye plastroni kamili na mbavu pana ambazo hazijawa karapasi. Kama gamba lingekuwa nyumba iliyojengwa nje ya mwili, hatua hiyo ya katikati isingekuwa na maana.

Kwa kuwa gamba lina mishipa ya damu na ya fahamu, kulijeruhi ni kumjeruhi kobe. Moto wa kusafishia mashamba unapompitia, vigae huungua na mfupa ulio chini yake waweza kufa, na akinusurika hubaki na kovu kwa miaka mingi. Vivyo hivyo, mtoto anayetoboa ukingo wa gamba ili apitishe kamba huwa ametoboa mfupa ulio hai.

Istilahi ya gamba haina budi kubaki, maana imeshazoeleka, lakini sarufi ya Kiswahili yenyewe ina njia ya kuisahihisha. Kwa viungo vya mwili, mwenye kiungo ndiye huwa kiima: husemwa kwamba mtu amevunjika mguu, ameungua mkono, ameumia bega. Kwa mali, muundo huo haukubaliki. Hakuna asemaye kwamba mtu amevunjika nyumba, bali husemwa kwamba nyumba yake imevunjika, au kwamba amevunjikiwa na nyumba. Kobe aliyekanyagwa na gari katika barabara ya Masasi hajavunjikiwa na gamba. Amevunjika gamba, kama mtu anavyovunjika mbavu.