Kutu Ndani ya Jicho la Babu

Waingereza walipochimba dhahabu Kiabakari na Buhemba, huku kwetu Butiama, babu yangu alishika nyundo na tindo. Siku moja kibanzi cha chuma kilimrukia jichoni. Hakikuonekana. Wakamtia maziwa ya mama, akarudi kazini. Baada ya miezi jicho likafa: chuma kilishika kutu ndani.

Wakati huo tiba ilikwishajulikana. Hirschberg wa Berlin alitoa chuma jichoni kwa sumaku ya umeme mwaka 1879. Eksirei ya Röntgen ikafuata 1895. Kilichokosekana ni swali moja: “Ulikuwa unagonga nini?”

Wachimbaji wa Bunda na Musoma, mkirukiwa, msisugue wala kuchokonoa. Funikeni jicho bila kulibonyeza, wahini hospitali, mkaseme mlichokuwa mkigonga.