Kabla ya Kijiti Kulikuwa na Kifuko

Picha yenyewe mmeshaiona. Embe chini, mtindi mweupe katikati, wekundu wa ubuyu juu, kijiti kimechomoza, na mkono wenye kucha za kupaka umeishikilia aiskrimu bahari ikiwa nyuma. Joto la Januari likiiva Dar es Salaam, picha za namna hii zinajaa kwenye simu, na hapo chini lazima atokee mtu aandike kwamba Wazungu wanajua kula.

Sasa subiri kidogo. Ukiitenganisha ile aiskrimu tabaka kwa tabaka, karibu kila kilichomo kilishakuwa kwenye friza ya mama mmoja wa mtaani kwenu, tena kwa shilingi hamsini. Ila kilikuwa ndani ya kifuko cha nailoni kilichopigwa fundo. Kilichokosekana ni kijiti tu.

Basi tuanze na kijiti, maana hicho kina mwenyewe anayejulikana kwa jina.

Mwaka 1905 kule California, karibu na San Francisco, dogo wa miaka 11 aitwaye Frank Epperson alikoroga unga wa soda kwenye maji, akaisahau bilauri barazani na kijiti cha kukorogea kikiwa ndani. Usiku baridi ikapiga. Asubuhi akakuta kinywaji kimeganda na kijiti kimekuwa mpini. Ndivyo kisa kinavyosimuliwa mpaka leo. Alikaa nacho karibu miaka 20, mpaka alipoomba hataza, yaani karatasi ya serikali ya kusema hiki ni changu, na 1924 akapewa. Mwenyewe aliiita Eppsicle. Watoto wake wakawa wanaiita kwa jina la kumtania baba yao, Pop's 'sicle, na jina la watoto ndilo lililoshinda: Popsicle.

Lakini hela ilimkaba. Haikupita miaka mingi akaziuza haki zake kwa kampuni ya New York, na utajiri uliokuja baadaye ukaenda kwa wengine.

Kuna kipande hapa watu hukiruka, na ndicho kitamu kuliko vyote. Kampuni nyingine, Good Humor, tayari ilikuwa na hataza ya aiskrimu ya maziwa kwenye kijiti. Wakapelekana mahakamani. Mwaka 1925 wakapatana: Popsicle wabaki na barafu za maji na matunda, Good Humor wabaki na za maziwa. Miaka michache mbele wakarudi tena mahakamani, na ugomvi ulikuwa huohuo, maziwa. Kiasi gani cha maziwa kikiingia, barafu inageuka kuwa aiskrimu? Watu wazima wenye suti walilipwa kubishania hilo. Kwa hiyo tabaka la mtindi na tabaka la tunda kukaa kwenye kijiti kimoja, jambo ambalo leo mtu analifanya jikoni kwake huku anasikiliza redio, lingeweza kukupeleka kwa hakimu kule Marekani wakati ule.

Mengine yalifuata yenyewe. Uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930, ikatoka ya vijiti viwili kwa senti tano, ili watoto wawili waivunje katikati wagawane. Mwaka 1955 watu wa Kansas City wakatoa Bomb Pop ya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na bluu, umbo kama roketi. Miaka ya 1970 mtindi wa kugandishwa ukaingia madukani. Na Mexico kuna mji mdogo, Tocumbo, ambao watu wake walisambaa nchi nzima kuuza barafu za matunda halisi za kijiti, mpaka pale mjini kwao wakajenga mnara wa aiskrimu. Mnara kabisa.

Huku kwetu hakuna mnara. Na mtindi si mgeni wetu. Wafugaji wa Afrika Mashariki waligandisha maziwa kwenye vibuyu karne na karne, na Wakalenjin bado wana mursik yao yenye unga wa mkaa, ambayo wanariadha wao hupokelewa nayo uwanja wa ndege wakirudi na medali. Ukwaju, ubuyu, embe, nazi, vyote vilikuwepo. Kilichochelewa ni baridi. Dar es Salaam ilipata umeme 1908, enzi za Wajerumani, lakini ule ulikuwa umeme wa karakana za reli na nyumba za wakubwa. Nyumba ya Mswahili Kariakoo ilikuwa na mtungi wa maji pembeni ya mlango, na huo mtungi ndio uliokuwa friji kwa miaka mingi sana.

Halafu ikaja miaka ya 1980, na hapo ndipo hadithi ya huyu mama inapoanzia.

Waliokuwepo hawapendi kuikumbuka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina ya nchi, mafuta yamepanda, rafu za maduka tupu, sukari na sabuni ni vya foleni. Mshahara wa mfanyakazi wa serikali ulikuwa unakata kabla mwezi haujafika katikati. Wanawake wa mjini wakaanzisha vitu walivyoviita miradi: vitumbua, maandazi, kuku, cherehani, na kwa yule aliyebahatika kuwa na friji, barafu. Mwaka 1984 serikali ikalegeza, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuingiza bidhaa. 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, milango ikazidi kufunguka. Friji zikaanza kuonekana kwenye nyumba ambazo zamani zilikuwa na ule mtungi tu.

Huyu mama hana jina kwenye kitabu chochote. Hata mtaani jina lake wengi hawalijui, anaitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, yaani naye watoto ndio waliompa jina, kama ile Popsicle. Jioni anachemsha maji, anayaacha yapoe. Anakamua ukwaju uliolowekwa, anachuja, anatia sukari, anaonja kwa kijiko, anaongeza. Kisha anajaza vifuko kimoja kimoja kwa kikombe, anapiga fundo, anavilaza kwenye friza kama samaki. Asubuhi mlangoni kuna kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa: BARAFU ZIPO. Mtoto akitoka shule anabeba deli begani, anazunguka nalo mpaka kiwanja cha mpira. Mteja anang'ata kona ya kifuko, anafyonza, basi, biashara imekwisha.

Hizo hamsini hamsini ndizo zilizonunua daftari, sare, na nauli ya daladala ya watu ambao leo wana vyeo. Wengine wao ndio wanaoandika kwamba Wazungu wanajua kula.

Na haikuwa kazi laini. Umeme ndio uliokuwa bosi wake. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, mgao ukawa wa masaa kwa masaa, na 2011 ukarudi tena. Friza ya barafu mia mbili ikizimika mchana mzima, mama hana wa kumdai. Atauza maji ya ukwaju, au atamwaga. Kipindupindu kilipolipuka Dar, Agosti 2015, juisi na barafu za mitaani zilinyooshewa kidole mapema, na ni kweli wapo waliokuwa wanafungasha maji ya bomba hivihivi. Ila aliyechemsha na asiyechemsha walihukumiwa pamoja. Tena Juni 1, 2019 likaja katazo la mifuko ya plastiki Tanzania Bara, Kenya wakiwa wameshatangulia Agosti 2017. Katazo lililenga mifuko ya kubebea, na vifungashio vya chakula vikabaki na masharti yake, lakini ukiwa unauza vitu kwenye nailoni mlangoni kwako, nani anataka kubishana na mgambo kuhusu tofauti hiyo?

Sasa swali. Kama mama alikuwa na embe, ubuyu na mtindi, kwa nini hakuyapanga matabaka?

Jibu liko kwenye mfuniko wa friza. Tabaka moja linataka nusu saa mpaka saa nzima ya kushika kabla ya kumwagia jingine. Matabaka matatu maana yake ufungue friza mara tatu, baridi itoke mara tatu, joto la Dar liingie mara tatu, na LUKU ikimbie. Kwenye barafu ya shilingi hamsini hiyo hesabu haikubali. Na umeme ukikatika katikati, matabaka yote yanayeyuka yanakuwa uji wa rangi moja. Halafu kifuko kinalazwa, hakisimami. Mama hakukosa ubunifu, alikuwa anapiga hesabu.

Mwenye nafasi ya kujaribu leo nyumbani, utaalamu wake mwingi ni uleule wa mama, umeongezewa vitu vichache. Mtindi mzito ndio unaofaa. Kama wa kwako ni mwepesi, uchuje kwenye kitambaa safi masaa machache ili maji yatoke, maana maji yakizidi unapata chembe za barafu zinazokwaruza ulimi. Sukari usiibane sana. Watu wanadhani kazi yake ni utamu tu, kumbe ndiyo inayozuia barafu isigande kama jiwe. Ndiyo sababu barafu iliyobaniwa sukari inavunja meno. Tena ulimi ukiwa wa baridi hausikii utamu vizuri, kwa hiyo mchanganyiko uonje mtamu kidogo kupita unavyotaka.

Embe bivu la msimu saga hivyohivyo. Dodo linafaa kuliko yale ya nyuzi, labda ukilichuja. Nanasi ni mtego: likiwa bichi halipatani na maziwa, lina kitu ndani yake kinachovunja protini na kuufanya mtindi uchachuke vibaya na kuwa mchungu. Lichemshe dakika chache kwanza, lipoe, ndipo utumie. Ubuyu na ukwaju ukivimimina kwenye maziwa freshi yanakatika mara moja, lakini mtindi umeshachacha tayari, hauna cha kukatika. Kwa kweli ni kama viliumbiwa pamoja.

Wasiokuwa na vile vifaa maalum vya kugandishia watumie vikombe vidogo. Mimina embe theluthi, weka friza. Likishika juu lakini bado linanata kidogo ukiligusa, mimina mtindi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wakiwahi, rangi zinaingiliana. Wakichelewa mpaka tabaka la kwanza likawa jiwe, la pili halishiki, na siku ya kula aiskrimu inakatika vipande viwili, kimoja kinabaki kwenye kijiti na kingine kinaanguka mchangani. Kijiti kichomeke kwenye tabaka la mtindi likiwa nusu limeshika, kisimame chenyewe na kishuke mpaka kwenye embe. Malizia na ubuyu. Acha usiku mzima. Kuitoa, chovya kikombe kwenye maji ya uvuguvugu sekunde kadhaa, zungusha taratibu, itakuja yenyewe.

Mabinti wa wale akina mama wa barafu wameanza kuziuza hizi. Wanapiga picha, wanapokea oda kwa simu, bodaboda anapeleka ofisini kwenye boksi la barafu, na bei yake ingemshangaza mtu wa deli. Wateja hawalalamiki. Mara nyingi friza ni ileile, iko koridoni kwa mama, ina kutu miguuni na mlio wake unajulikana nyumba nzima. Na mama akimuona binti anaifungua kwa mara ya tatu ndani ya masaa mawili, hana habari na embe wala mtindi, anachouliza ni kama LUKU ya mwezi huu ananunua yeye.