Kamera nyembamba ama kamera ya maji? Uliza albamu ya nyanya yako

Tangu niseme hapa kwamba naweka akiba ya kamera, mmenijaza ushauri. Nusu yenu mnaniambia nichukue ile nyembamba, ile inaingia mfuko wa jinzi na flashi yake inatoa picha zinakaa za 2005. Nusu nyingine, na najua ni watu wa Bunyala hata msijifiche, mnasema nichukue ile ngumu ya kuingia majini. Halafu kuna mmoja aliniandikia maneno manne tu: "Busia town, maji gani?" Huyo ndiye amefanya nikae chini niandike hii yote.

Mei 2020. Kaunti moja, mwezi mmoja. Huku Malaba malori yamepanga foleni kilomita na kilomita kwa sababu madereva wanangoja kupimwa Corona kabla wavuke kuingia Uganda. Vumbi, jua, watu wanapika chai chini ya trela. Huku chini Bunyala, Nzoia imetoka nje ya kingo zake, Ziwa Victoria limepanda hadi kiwango ambacho halikuwa limefika tangu 1964, na watu wanahamisha magodoro kwa mitumbwi. Picha za malori ziko nyingi tu, madereva wenyewe walikuwa na simu na walikuwa na muda. Sasa tafuta za mafuriko. Utazipata, lakini angalia mpiga picha amesimama wapi. Juu ya tuta. Ndani ya boti ya msaada. Angani. Ni mtu aliyekuja na kamera kavu na akarudi nayo ikiwa bado kavu. Picha iliyopigwa na mwenye nyumba, maji yakiwa kiunoni, ndani ya sebule yake? Mimi nimetafuta sana na sijaiona.

Kukhu wangu anaishi karibu na Port Victoria. Albamu yake inakaa ndani ya ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko, na ndoo imening'inizwa kwenye boriti. Sio urembo, ni mpango: maji yakija, ndoo iko juu. Nimeifungua hiyo albamu mara nyingi. Kuna harusi. Kuna mjomba amevaa suruali pana ya miaka ya sabini, amesimama studio mbele ya pazia lenye ndege imechorwa, ameshika redio ambayo kila mtu kwa familia anajua haikuwa yake. Kuna shangazi na viatu vipya. Kuna ubatizo mbili. Kile hakuna ni maji. Huyu ni mama aliyezaliwa kando ya ziwa, baba yake alikuwa mvuvi, amehama kwa sababu ya maji mara hata yeye anapoteza hesabu, na kwa albamu nzima hakuna hata tone moja. Ukiifungua bila kumjua utadhani aliishi Lodwar.

Nilikuwa nadhani ni kwa sababu hakuna aliyetaka kukumbuka. Kumbe jibu ni rahisi zaidi. Ni kamera.

Fikiria vizuri. Kamera ya filamu ni sanduku ambalo kazi yake ya kwanza ni kuzuia mwanga usioalikwa, na ya pili ni kuweka ule utepe ukiwa mkavu. Maji yakiingia kidogo tu, kwisha: filamu inashikana, chuma kinashika kutu, lenzi inaota ukungu. Cha kuchekesha ni kwamba wazee wetu walisema picha "inaoshwa". Maji yalikuja mwisho, kwa chumba cha giza, kwa mikono ya mtu anayelipwa. Kabla ya hapo, kamera na maji hawakusalimiana. Na mwenye kamera mara nyingi alikuwa mtu wa studio ama mpiga picha wa harusi, hicho ndicho chombo cha kazi yake, hicho ndicho karo ya watoto wake. Unadhani ataingia nacho kwa mafuriko ya Nzoia ndio akupigie kumbukumbu?

Kuna bahati mbaya moja ya tarehe hapa ambayo siwezi kuiacha. Mvua kubwa za 1961, zile wazee wengine bado wanaziita mafuriko ya Uhuru, ziliinua Ziwa Victoria zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Kukhu alikuwa mtoto, alibebwa mgongoni kuhama. Miaka hiyo hiyo kule Ufaransa ndio kamera ya kwanza ya kawaida ya kuingia majini bila sanduku la ziada ilikuwa inaingia sokoni. Iliitwa Calypso, iliundwa na Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya wapiga mbizi wa Jacques Cousteau. Mwaka wa 1963 Nikon wakaichukua wakaiita Nikonos. Kwa hivyo teknolojia ilikuwepo! Ilikuwepo dunia hii hii, miaka hii hii. Ilikuwa tu ni ya watu wanaoingia majini kwa hiari yao.

Sasa tupande huku mpakani, maana watu wa kamera nyembamba pia mna hoja na sitaki kuwaonea.

Mpaka nao una mashimo yake kwenye albamu. Kila mtu hapa anajua neno bodaboda lilizaliwa wapi: vijana na baiskeli, miaka ya sitini, wanabeba watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wanaita "boda, boda". Neno limezunguka Afrika Mashariki nzima. Halafu ikaja miaka ya sabini. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ikaruka duniani kote, na huko Uganda Idi Amin alikuwa ameshaangusha uchumi. Kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka usiku, Chepkube ndiko kulijulikana zaidi, na sabuni, chumvi na sukari zikaenda upande ule. Watu walijenga nyumba na hiyo magendo. Nionyeshe picha moja kutoka kwa albamu ya familia yenu ya mtu na gunia la kahawa begani. Hakuna. Hapa tatizo halikuwa maji, tatizo lilikuwa macho. Nani atatoa likamera likubwa mbele ya askari? Hadi leo, hata baada ya kile kituo cha pamoja cha Busia kufunguliwa rasmi Februari 2018 na kila kitu kikawa kisasa, jaribu kuinua kamera pale getini uone utaulizwa nini. (Omba ruhusa kwanza. Niko serious.)

Kwa hivyo naelewa mvuto wa kamera ndogo. Haiwashtui watu. Mama wa omena haachi kupanga bei ndio akupozee. Ukienda na kamera kubwa soko zima linageuka kuwa studio, kila mtu anaweka mikono kiunoni, na umerudi kwa mjomba na redio ya watu.

Hizo nyembamba zenyewe zina historia tamu. Mwaka wa 2000 Canon walitoa Digital IXUS, ndogo kama pakiti ya karata. Mwaka wa 2002 Casio wakatoa Exilim EX-S1 yenye unene wa milimita 11.3. Milimita! Simu yako na kava yake inakaribia hapo. Lakini ndogo yenye zumu ilikuwa na shida moja: lenzi lazima itoke nje kama shingo ya kobe ukiiwasha. Na hiyo shingo, ikitoka na kurudi, inavuta chochote kilicho karibu.

Hii sijasoma mahali, nimelipia. Mwaka jana nilinunua moja ya mtumba, elfu sita mia tano, kutoka kwa jamaa wa meza ya simu ambaye simtaji. Nikaenda nayo Malaba kurekodi foleni ya malori. Siku ya tatu nikawasha, lenzi ikatoka nusu, ikalia kama panya, ikakwama. Nikairudisha. Jamaa akaishika, akaigonga kwa kiganja mara mbili, akaniambia, "Kijana, hii imekula vumbi. Hii ni kamera ya harusi, si ya barabara." Nilikasirika sana siku hiyo. Lakini alisema ukweli kuliko maelezo yote nilikuwa nimeangalia YouTube. Angeniambia tu kabla ya kuchukua pesa.

Sasa sikiza hii, kwa sababu ndiyo ilinibadilisha mawazo. Mwaka huo huo wa 2002, Minolta walitoa DiMAGE X. Hao hawakutaka shingo ya kobe. Waliweka prizimu ndani: mwanga unaingia kwa dirisha dogo mbele, unakata kona ya nyuzi 90, unashuka chini ndani ya mwili wa kamera, na zumu yote inafanyika huko ndani, imelala. Hakuna kinachotoka nje. Lengo lao lilikuwa wembamba tu, hiyo kamera ilikuwa na unene wa kama milimita 20. Lakini fikiria: kama hakuna kitu kinatoka nje, basi hakuna tundu linalofunguka na kufunga. Na kama hakuna tundu, unaweza kuziba kila kitu na raba. Mwaka wa 2005 Pentax wakatoa Optio WP, ndogo, lenzi imelala ndani, inaingia mita 1.5 chini ya maji kwa nusu saa. 2006 Olympus wakatoa mju 720 SW: mita 3 chini ya maji, na ukiiangusha kutoka mita 1.5 bado inapiga.

Yaani kamera ya maji ya mfukoni ni mtoto wa kamera nyembamba. Tunabishana kana kwamba ni makabila mawili na ni mama na mtoto. Ile hila ya kuifanya ipotee mfukoni ndiyo iliyoiwezesha kuzama. Ukinunua ya maji unapata pia sehemu kubwa ya udogo. Ukinunua nyembamba ya shingo ya kobe hupati maji hata kidogo, na vumbi la Malaba litakumalizia.

Najua mtaniuliza: na simu je? Kweli, simu ndiyo iliua hizi kamera. Mwaka wa 2010 dunia ilipokea zaidi ya kamera milioni 120 za dijitali kutoka viwandani, leo ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Na simu za bei kali zinavumilia maji, Samsung Galaxy S5 ilikuwa inafanya hivyo tangu 2014. Lakini wacha tusidanganyane. Simu yangu na yako si hizo. Na hata ingekuwa, kioo kikilowa kinajibofya chenyewe. Halafu kuna kitu kikubwa zaidi: simu ina M-Pesa yako, laini zako, namba ya kila mtu utakayemwita akusaidie. Maji yakiingia nyumbani usiku, simu ndiyo kitu cha kwanza unainua juu ya kichwa. Hauitumii kupiga picha, unaiokoa. Ndiyo maana hata 2020, na simu kila mfuko, zile picha za ndani ya sebule bado sizioni.

Kwa hivyo nimechagua ya maji. Mnaosema nimeegemea upande wa kina mama, sawa, nimeegemea.

Lakini kabla ukimbie sokoni, mambo matatu ambayo hakuna atakwambia. Moja, kinachozuia maji ni raba nyembamba kwenye mlango wa betri, na raba inazeeka. Kamera ya 2006 ilikuwa ya maji 2006. Ya mtumba ichukulie kama ya mvua na vumbi hadi uthibitishe. Toa betri na memori kadi, ifunge, izamishe kwenye beseni, uangalie kama kuna mapovu yanatoka mlangoni. Yakitoka, umejua bila kuua kitu cha maana, ikaushe vizuri. Chembe moja ya mchanga ama unywele kwenye hiyo raba unatosha kuizamisha. Mbili, zile Olympus za zamani zinatumia kadi inaitwa xD, na kuipata hapa Busia ni kama kutafuta maegesho siku ya soko. Uliza kadi kabla uulize bei. Tatu, usiku hazina nguvu. Lenzi imelala, ni ndogo, mwanga ni kidogo. Kwa klabu, mwenye nyembamba atakushinda, mpe heshima yake.

Yangu nilipata kupitia mtu wa Kisumu, ina alama mbaya upande mmoja, kwa beseni ilikaa dakika kumi bila povu hata moja. Jumamosi iliyopita nikaipeleka Port Victoria. Nilikuwa nimepanga kuanza na ziwa, jua likitua, mitumbwi, hiyo kontenti mnajua. Kukhu akaniuliza, "Hii ndiyo ile haiogopi maji?" Nikamwambia ndiyo, kukhu. Akaishika, akaipindua, akanirudishia, akaingia ndani. Akahamisha kabati kidogo kutoka ukutani. Nyuma yake kuna mstari wa kahawia, umenyooka, umepita sebule nzima, urefu wa kiuno chake. Wa 2020. Akaweka kiganja juu yake, akaniambia nipige kabla mjomba hajaleta rangi.