Nani alisema 45?

Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alituacha Julai 2019 akiwa na miaka 41. Chadwick Boseman, yule wa Black Panther, akaenda Agosti 2020 na miaka 43. Wote saratani ya utumbo mpana. Sasa cheki: mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2018 unasema upimaji wa kawaida uanze miaka 45 hadi 75. Hawa wawili hawakufika.

Mimi si daktari, na kampasi niliacha. Lakini hii namba ina historia, wasee.

Tuanze hapa jirani. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda miaka ya 1940 hadi 1960. Aliona ugonjwa huu ni nadra huku kuliko Uingereza, na 1971 akaandika kwamba sababu ni chakula: sisi tulikula nyuzinyuzi, wao unga mweupe. Wengi bado wanauona kama ugonjwa wa wazungu, tena wazee. Marekani yenyewe ilishikilia 50 miaka mingi.

Halafu vijana wakaanza kuugua. Utafiti wa 2017 huko Marekani ulionyesha aliyezaliwa karibu 1990 ana hatari mara mbili ya saratani hii kuliko aliyezaliwa karibu 1950 alipokuwa umri huo. 2018 Shirika la Saratani la Marekani likashuka hadi 45. Jopo la kitaifa la huko likafuata 2021.

Kwa hivyo 45 ni hesabu tu: pale ambapo kupima watu wengi wasio na dalili kunaleta faida kuliko hasara. Inafanya kazi kwa sababu vinundu vya utumbo huchukua miaka kugeuka saratani, na vikionekana mapema vinatolewa.

Lakini dalili hazingoji birthday. Huku Muthara mtu akiona damu chooni anasema ni bawasiri ama amoeba, ananunua dawa, stori imeisha. Damu, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu: nenda hospitali hata kama una 22. Na kama mzazi ama ndugu yako aliugua, mwambie daktari, kwa sababu wewe unaweza kuhitaji kuanza mapema.

Mathako na budako wana miaka mingapi? Kama wamepita 45, waulize leo kama wamewahi kupimwa.