Sandarusi na Chakazi: Katika Kutetea Istilahi za Wachimbaji wa Mrima

Katika vitabu vya kemia ya utomvu wa miti msomaji hukutana na jina ambalo hata wakemia wengi hawajapata kulisikia, nalo ni asidi ya zanzibariki, mojawapo ya molekuli zenye kaboni 20 zipatikanazo katika utomvu wa msandarusi, mti ambao wataalamu wa mimea wameuandika kwa jina la Hymenaea verrucosa. Sandarusi nyingi ya biashara ilichimbwa Mrima, katika ardhi ya mchanga mwekundu nyuma ya Bagamoyo na Saadani na katika nchi ya Wazaramo. Lakini kwa kuwa ilipita forodha ya Unguja kabla ya kuvuka bahari, ulimwengu uliipa jina la kisiwa kilichoiuza.

Wako wanaotaka kamusi zetu za sayansi ziandike kopali, kwa hoja kwamba sandarusi ni neno la zamani lisilo na mpaka bayana. Ni kweli kwamba neno hilo limetangatanga dahari nyingi. Wayunani waliita sandarake madini mekundu ya arseniki na kibiriti, ambayo ni sumu kali. Kisha jina likahamia utomvu wa mti mmoja wa Maghribi. Waarabu wakalitamka sandarus, na jamaa zetu wa pwani wakaupa utomvu uliotoka katika ardhi yao wenyewe. Lakini kopali lina hali mbaya zaidi. Asili yake ni copalli, neno la wenyeji wa Meksiko kwa uvumba, nalo Wazungu wamelitandaza juu ya kila utomvu mgumu utokao Kongo, Brazili na Manila, ingawa ule wa Manila hutoka katika jamii ya miti iliyo mbali kabisa na msandarusi. Anayekimbia utata wa sandarusi kwa kukimbilia kopali amejiongezea utata.

Isitoshe, watu wa Mrima hawakuwa na neno moja tu. Richard Burton, aliyeanzia safari yake ya bara Kaole mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba wenyeji walitenga sandarusi ya mti na sandarusi iliyokomaa, na ile isiyokomaa wakaiita chakazi, neno ambalo wafanyabiashara wageni wa Unguja walilipotoa hata likageuka katika lugha yao kuwa jina la punda dume. Chakazi ilipelekwa Bara Hindi na Uchina kwa vanishi hafifu. Iliyokomaa ilikwenda Ulaya na Salem, mji wa Massachusetts, ambako iling'arisha magari ya farasi na samani. Baadaye John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 akiwa daktari wa ubalozi wa Waingereza, alionyesha kwamba zote asili yake ni mti wa aina moja, ijapokuwa iliyokomaa aghalabu ilichimbwa mahali ambapo msandarusi haukuwapo tena.

Tafauti hiyo huonekana kwa jicho na kwa kidole. Kipande cha sandarusi iliyokomaa, kikioshwa katika maji ya magadi mpaka ganda lake la udongo litoke, huonyesha vipele vidogo vilivyopangana mithili ya ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Chakazi uso wake ni laini. Ukidondosha spiriti juu ya chakazi kisha ukaigusa, kidole hunata. Iliyokomaa hustahimili, na watengenezaji wa vanishi walilazimika kuipika kwa joto la zaidi ya nyuzi 300, huku ikipoteza kiasi cha robo ya uzani wake, ndipo ikubali kuchanganyika na mafuta ya kitani.

Fasili ya kemia yaafikiana na ya wachimbaji. Katika utomvu mbichi molekuli nyingi zingali mbalimbali, na mafuta mepesi yangali ndani yake. Kadiri unavyokaa, mafuta hayo huruka, na molekuli hushikana minyororo na kuwa polima ngumu isiyoyeyuka upesi. Mkemia akisema kwamba polima haijakamilika, mchimbaji alikwisha kusema chakazi, na neno lake ni fupi na yakini.

Mwaka 2020 wataalamu wa visukuku walipendekeza mpaka wa miaka: utomvu wa tangu miaka milioni 2.58 iliyopita hadi mwaka 1760 uitwe kopali, wa kale zaidi uwe kaharabu, na ulio baada ya 1760 upewe jina jingine. Kwa mwanahistoria wa wadudu walionaswa humo mpaka huo una manufaa makubwa. Kwa kemia hautoshi, maana vipande viwili vya umri mmoja, kimoja kikiwa kimezikwa katika mchanga wenye joto na kingine penye baridi, huweza kutafautiana kabisa kwa ugumu, na mchimbaji aliyepima hali ya kitu pasipo kuuliza umri wake alikuwa karibu zaidi na maudhui ya mkemia.

Kwa hiyo naona istilahi hizi zingeingizwa katika kamusi za kemia kwa mpangilio wake wa asili: sandarusi iwe jina la utomvu wa msandarusi uliokomaa, chakazi iwe jina la ule ambao polima yake haijakamilika, na kopali libaki neno la biashara kwa bidhaa za nchi nyingine, likiandamana daima na jina la mti uliozizaa.