"Huyu ni Mwana wa Nani?": Simba wa Tsavo, Kitabu, Filamu na Hofu ya Hadhira

Hadithi inayopendwa haigeuzwi filamu bila ya kuwatia wapenzi wake katika hali mbili zinazokinzana: hamu ya kuiona na hofu ya kunyang'anywa. Uhakiki wetu wa fasihi umezoea kuichukulia hofu hii kwa wepesi, kana kwamba ni manung'uniko ya msomaji asiyetambua kuwa filamu ni sanaa yenye kanuni zake. Mwandishi wa makala haya haafiki. Anashikilia kwamba hofu ya hadhira, ikisikilizwa vyema, ni uhakiki kamili, na pengine huona mbali kuliko nadharia tunazozifundisha. Kisa kitakachotumika ni kile cha simba wawili waliokula watu penye daraja la Tsavo mwaka 1898. Kimechaguliwa kwa kuwa ni hadithi ya nyumbani. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama kwenye miinuko ya Wundanyi, huiona nyika ile imetandaa chini yake hadi macho yanapochoka. Na wengi waliokulia huku walikisikia kisa hiki jikoni kabla ya kujua kwamba kimeandikwa.

Historia yenyewe yajulikana. Mhandisi John Henry Patterson alifika Tsavo mwezi wa Machi 1898 kulijenga daraja la reli ya Uganda. Muda mfupi baadaye simba wawili madume wakaanza kuwatoa wafanyakazi hemani usiku. Ungan Singh, msimamizi wa Kisingasinga, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukuliwa. Boma za miiba hazikufaa kitu. Mwanzoni mwa Desemba mamia ya vibarua walijilaza relini kuisimamisha treni, wakaipanda wakaenda zao Mombasa, na kazi ikasimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Patterson alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Sababu za simba kuwaelekea binadamu zimejadiliwa sana: sotoka iliyoangamiza ng'ombe na nyati miaka ya 1890, ukame na njaa, maiti zilizoachwa na misafara kando ya njia, na meno mabovu ya mmoja wa simba hao. Hayo ni ya wanahistoria na wanabiolojia. Yanayotuhusu sisi ni namna kisa kilivyopata fanani wake.

Fanani huyo ni Patterson mwenyewe, aliyechapisha kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, mwaka 1907. Ni msimulizi hodari. Anajua kukata tukio mahali pa kumwacha msomaji roho juu. Lakini tazama anavyohesabu. Anasema Wahindi waliouawa walikuwa 28. Kuhusu Waafrika anasema tu kwamba walikuwa wengi na kwamba hesabu yao haikuwekwa. Basi ndani ya kitabu kile kuna wafu wenye idadi na wafu wasio na idadi, na huo ndio ufa ambao kila msimulizi aliyefuata angeweza kuuziba au kuupanua.

Kuna ufa mwingine. Patterson anaeleza kwamba wafanyakazi waliwaona simba hao kuwa si wanyama, bali roho za machifu wawili waliokufa, waliojigeuza hivyo ili kuipinga reli isipite katika nchi yao. Analitaja jambo hili kwa haraka, kama ushirikina unaoeleweka kwa watu wenye hofu, kisha anaendelea na mitego yake. Msomaji wa Taita hawezi kulipita kwa haraka hiyo. Katika milima hii mafuvu ya wazee yaliwekwa mapangoni, na ulipokuja msiba, kama vile mvua kukataa, watu walikwenda huko kuzungumza nao. Patterson hasemi machifu wale walikuwa wa kabila gani, nami sitamwongezea. Ninalosema ni kwamba, kwa hadhira yenye mazoea hayo, chifu aliyekufa akiipinga reli hafanyi kichekesho cha kishirikina. Anatoa hoja ya kisiasa juu ya ardhi, pengine hoja pekee ya aina hiyo katika kitabu kizima.

Filamu ya kwanza, Bwana Devil ya Arch Oboler (1952), inakumbukwa zaidi kwa ufundi wake: ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi huko Marekani kutazamwa kwa miwani maalumu, simba akionekana kama anayemrukia mtazamaji kitini. Tusikawie hapo. Iliyotufikia sisi, kwa kaseti za video na baadaye kwa televisheni, ni The Ghost and the Darkness ya 1996, iliyoandikwa na William Goldman na kuongozwa na Stephen Hopkins. Ilipigwa Afrika Kusini, katika hifadhi ya Songimvelo, na ikapata Tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti. Patterson aliigizwa na Val Kilmer. Kando yake akawekwa mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, aliyeigizwa na Michael Douglas, ambaye hayumo katika kitabu wala katika historia.

Niliitazama mara ya kwanza hapa Wundanyi, sebuleni kwa jamaa, pamoja na watu wa rika mbalimbali ambao kila mmoja alikuwa na Tsavo yake kichwani. Lalamiko la kwanza lilikuja mapema: simba wale walikuwa na manyoya marefu shingoni, na mzee mmoja akasema, "Hawa si wa hapa." Alikuwa sahihi, kwani madume wale wawili wa 1898 hawakuwa na manyoya hayo, kama ilivyo kwa madume wengi wa Tsavo. Hata hivyo, lalamiko hili ni jepesi. Filamu ina haki ya kumchagua simba anayetisha, na lau hofu ya hadhira ingeishia kwenye manyoya, wahakiki wangekuwa na sababu ya kuipuuza.

La pili lilikuwa swali, nalo halikuulizwa kwa hasira. Filamu inasimuliwa na Mwafrika, Samuel, aliyeigizwa na John Kani. Hapa ndipo matumaini ya hadhira yalipopanda, na kwa haki: katika kitabu msimulizi ni mkoloni, ilhali katika filamu kinywa kimepewa mwenyeji. Watu waliketi vizuri. Kisha, katikati, mama mmoja akauliza, "Huyu Samweli ni wa wapi? Ni mwana wa nani?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu filamu haijibu. Samuel hana mji, hana mke tunayemwona, hana lugha yake isipokuwa ile ya wakubwa wake. Anapokea Wazungu stesheni, anawasifu, anawaombolezea, na mwishowe sauti yake inamwambia mtazamaji kwamba akitaka kuwaona simba wale leo, na aende kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Ni kweli wako huko: Patterson, aliyekuwa amezifanya ngozi zao mazulia, aliliuzia jumba hilo mwaka 1924 kwa dola 5,000. Lakini kumfanya mwenyeji wa Tsavo awe ndiye anayetuelekeza Chicago, tena bila huzuni, ni kumpa mtu kinywa na kumnyima neno.

Swali la mama yule, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko orodha ndefu ya makosa ya kihistoria. Fasihi simulizi yetu haimruhusu mhusika kuingia hivi hivi. Hata sungura ana shamba na majirani. Kuuliza mtu ni mwana wa nani ni kudai aingizwe katika mahusiano yatakayofanya kifo chake kiwe hasara ya mtu fulani. Wafu wa Kiafrika wa Tsavo walikosa jambo hilo katika kitabu cha 1907. Filamu ilipata fursa ya kuwapa, ikatunga mtu mpya kutoka Marekani.

Wala isidhaniwe kwamba hapakuwa na malighafi nyingine. Kitabu cha Patterson kinabeba ndani yake, katika tafsiri ya Kiingereza, shairi refu la Roshan, fundi wa Kihindi aliyefanya kazi darajani, lililoandikwa Januari 1899, mwezi mmoja baada ya simba wa pili kuuawa. Shairi hilo linamsifu Patterson, na si ajabu: lilitolewa pamoja na zawadi ya bakuli la fedha. Hata hivyo ni sauti ya aliyelala hemani, wala si ya aliyekaa juu ya dungu na bunduki. Nijuavyo mimi, wahakiki wa Afrika Mashariki wamelipita kimya, ingawa ni miongoni mwa tungo za kwanza za wafanyakazi wa reli tulizo nazo. Goldman naye alilipita.

Kuhusu idadi ya waliokufa, mjadala haujafungwa. Katika kijitabu cha makumbusho cha 1925 Patterson alitaja watu 135. Uchunguzi wa kemia ya mifupa na nywele za simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu 35 hivi. Mwaka 2024 watafiti wengine walitoa nywele zilizonasa katika meno yaliyovunjika, wakatambua kwa vinasaba twiga, choroa, kuro, nyumbu na pundamilia. Walitambua pia binadamu. Nywele hizo za binadamu hawakuzieleza kwa undani, wakisema kwamba huenda uzao wa marehemu ungali unaishi katika eneo hili, na kwamba kazi ya aina hiyo yapaswa kufanywa kwa kushirikiana na jamii zenyewe.